Kamera Isiyopiga Hodi

Kwa siku 40 nimetembea na kamera ya mtu mwingine mfukoni mwa kanzu, na juzi nimeirudisha kwa mwenyewe. Haikuwa anasa ya mstaafu asiye na kazi. Chama chetu kidogo cha washairi hapa Tanga kimekuwa kikichanga fedha kwa miaka miwili, wanachama 14, mwenye elfu tano leta, mwenye elfu mbili leta, ili tununue kamera ya chama. Shabaha yetu ni mbili: kuwapiga picha malenga wazee majumbani mwao, na kunakili madaftari yao kabla mchwa na mvua za masika hazijatutangulia. Mpwa wangu anayeishi Dar es Salaam alikuwa nayo kamera ya aina iliyokuwa ikitajwa sana vikaoni, akaniletea mwenyewe. “Mjomba, kaa nayo. Ukiona inafaa, chama kinunue kama hii. Isipofaa, mmeokoa fedha yenu.” Kikao kikanituma niijaribu na kuleta taarifa.

Taarifa niliitoa. Ilikuwa nusu ukurasa, na ilikuwa ya kweli katika kila kilichosemwa. Hapa ninaandika nilichokiacha.

Kamera yenyewe ni Ricoh GR III, iliyotolewa mwaka 2019. Ilipotoka iliuzwa Marekani kwa takriban dola 900, yaani zaidi ya shilingi milioni 2 kwa thamani ya wakati ule, na mtu akiishika mkononi mara ya kwanza huona ametapeliwa. Ni nyeusi, haina urembo wowote, haina hata tundu la kuchungulia. Uzito wake pamoja na betri na kadi ni gramu 257, ambao ni mwepesi kuliko kamusi yoyote niliyowahi kubeba kwenda darasani. Ukiiwasha, lenzi hujitokeza kama shingo ya kobe. Ukiizima, hurudi ndani. Lakini ndani ya kijisanduku hicho mna kihisi mwanga cha ukubwa wa APS-C, milimita 23.5 kwa 15.6, sawa na kile kinachotiwa katika kamera nyingi kubwa zenye lenzi za kubadilisha, chenye pikseli milioni 24. (Naandika kihisi. Vijana husema sensa, nami silikubali neno hilo hapa, kwa kuwa kwetu sensa ni siku ya kuhesabiwa watu.)

Lenzi yake ni moja, haitoki, haibadilishwi na haivuti. Ina milimita 18.3, ambayo kwa hesabu ya mikanda ya zamani ya milimita 35 ni sawa na lenzi ya milimita 28, lenzi ya pembe pana. Maana yake kwa vitendo ni hii: ukisimama mita 2 mbele ya mtu na kamera ukiishika wima, huingia mzima, kichwa hadi kandambili, na nafasi ikabaki. Ukitaka uso wake peke yake, usitafute kitufe. Tembea. Ukifika hatua moja mbele yake, hapo ndipo uso unapoanza kuwa uso, na hapo ndipo yeye pia anapokuona wewe vizuri, meno yako na mashaka yako.

Wenzangu katika chama, kwa kuwa ni washairi, hawakuchelewa kusema kuwa lenzi isiyovuta ni kama mizani. Mshairi amefungwa na mizani 16 katika mshororo, mpigapicha amefungwa na milimita 28, na wote wawili hulazimika kutafuta uzuri ndani ya uzio. Usemi huu ulipigiwa makofi. Mimi naukubali nusu tu. Ni kweli kwamba baada ya wiki moja jicho langu lilianza kuona kwa kipimo cha lenzi ile, nikawa najua kabla ya kuinua mkono nini kitaingia na nini kitabaki nje, kama mtunzi anayehesabu silabi bila vidole. Ni kweli pia kwamba kukosa chaguo kulinipunguzia kuhangaika. Lakini mizani humfunga mtunzi peke yake. Ikinibana, nahangaika mimi chumbani kwangu na kalamu yangu. Anayetungiwa shairi hapungukiwi na kitu. Lenzi hii inamfunga na yule aliye mbele yake, kwa sababu dawa ya kila upungufu wake ni mimi kumsogelea. Yeye hakukaa kikao chochote cha kukubali kanuni hiyo.

Nianze na kazi ya madaftari, maana haihitaji maneno mengi. Kamera hii haifai kwa kazi hiyo, ama inafaa kwa taabu. Ukurasa wa karatasi ya kawaida ya ofisini, ili ujaze picha, unataka kamera iwe kama sentimita 25 juu yake. Kwa umbali huo mkono wako, kichwa chako na kamera yenyewe vyote vinatupa kivuli juu ya mwandiko. Ukiiinamisha kidogo tu, ukurasa unakuwa na mabega mapana na kiuno chembamba. Nilinakili daftari la mzee mmoja wa Ngamiani, tenzi alizoziandika kwa hati ya Kiarabu kwa wino uliokwisha kuwa rangi ya chai, kurasa 62, na nilizirudia mara tatu kwa siku mbili. Herufi zilitoka wazi ajabu, hata mikwaruzo ya kalamu niliiona, ila nukta za pembezoni mwa kurasa zilivutika, na katika hati ile nukta si pambo; nukta moja ikihama, be inakuwa nuni. Kwa kazi hii nimependekeza skana ya mezani, au simu yoyote nzuri iliyofungwa juu ya kigoda chenye miguu minne, na taa mbili za pembeni. Fedha kidogo, matokeo bora.

Niliyoyasema kikaoni mengine yalikuwa haya. Betri inakwisha upesi. Watengenezaji wenyewe wanaihesabia picha 200 hivi, na kwa joto letu na vidole vyangu vya kujifunza sikufika huko hata siku moja. Inachajiwa kwa waya wa simu za siku hizi, jambo jema. Kioo chake cha nyuma hakionekani kabisa juani saa saba mchana, na kwa kuwa haina tundu la kuchungulia, mtu wa pwani hupiga kwa kukisia kuanzia saa tano hadi saa tisa. Haina taa ya mmweko ndani yake, ingawa GR II iliyoitangulia ilikuwa nayo. Haina kinga ya maji wala vumbi. Hili la mwisho ni zito kwetu sisi wa upepo wa chumvi: lenzi inayoingia na kutoka hunyonya vumbi, na kwa kuwa haifunguki, chembe ikishakaa juu ya kihisi ni ya fundi, na fundi wa kamera za aina hii sikumpata mjini kwetu. Sifa nazo nilizitaja. Ina kumbukumbu yake ya ndani ya gigabaiti 2 hivi, iliyoniokoa siku niliyosahau kadi nyumbani. Kihisi chake kinatulizwa kisitikisike, kwa hiyo mkono wa mzee wa miaka sitini na kitu uliweza kupiga ndani ya nyumba yenye taa moja ya koroboi. Na picha zake, hasa nyeusi na nyeupe, zina kina ambacho simu yangu haijapata kukisogelea.

Sifa moja niliisifu kuliko zote, na nitakuja nayo.

Kabla ya hapo niseme kamera hii imetoka katika ukoo gani, maana chombo kina nasaba kama utenzi. Kampuni ya Ricoh ya Japani ilitoa GR1 mwaka 1996, kamera ndogo ya mkanda yenye lenzi ya milimita 28. Ya kidijitali ya kwanza ikaja mwaka 2005, na mwaka 2013 ikatiwa kihisi kikubwa. Mwaka 2021 wakamtolea GR III ndugu, GR IIIx, mwenye lenzi isiyo pana kama hii, sawa na milimita 40. Mpigapicha Daido Moriyama wa Japani ndiye jina linalotajwa pamoja na ukoo huu: mtu wa mitaa ya Tokyo, hasa Shinjuku, mwenye picha nyeusi na nyeupe zenye chembechembe na giza zito, aliyezoea kupiga huku anatembea, mara nyingi bila hata kuchungulia. Ukiishika kamera unatambua kuwa imetengenezwa kwa ajili ya mikono ya namna hiyo. Kila kitufe kinafikiwa kwa kidole gumba cha mkono mmoja. Mkono mwingine unabaki huru, kushika mwavuli, au kushika kikapu, au kujifanya hauna habari.

Na ina hila moja nzuri sana. Unaweza kuipangia umbali mapema, tuseme mita 1.5 au 2 au 2.5, halafu ukibonyeza kitufe chote kwa mkupuo haijishughulishi kutafuta wapi ilenge. Inapiga papo hapo kwa umbali ule uliopanga. Mchana, tundu la lenzi likiwa dogo na umbali ukiwa mita 2, karibu kila kitu kuanzia hatua moja mbele yako hadi upeo wa macho kinatoka kwa uwazi wa kutosha. Kwa hiyo huhitaji kuiinua hadi usoni. Unaishika kiunoni. Sauti yake ni ndogo kuliko ya mtu anayebana kibonyezo cha kalamu. Niliandika katika taarifa: “Kamera hii haisumbui watu, kwa kuwa hawajui kama inapiga.” Sentensi hiyo ilisomwa kwa sauti na katibu, na mimi nilikuwa nimeketi pale pale nikiitazama sakafu.

Jioni ya siku ya kumi na moja nilikwenda diko la samaki. Nitumie neno hilo, diko, kabla halijafa. Vijana wote sasa husema mwalo, neno zuri pia, lakini diko ndilo la pwani yetu, mahali vyombo vinapofikia na samaki wanaposhushwa. Pale pembeni hukaa wanawake wakaangaji. Mmoja wao namfahamu kwa salamu kwa miaka mingi. Binti yake nilimfundisha kidato cha tatu. Jua lilikuwa limekwisha kuzama, ukabaki ule mwanga wa shaba juu ya maji. Yeye alikuwa ameinama juu ya karai, moto unamulika uso kutoka chini, moshi unapita, na kwa joto lile alikuwa ameushusha mtandio mabegani akiufutia jasho la shingo. Nywele zake zilikuwa wazi, zimesukwa mistari, mvi mbili tatu zinang’aa kama nyuzi za fedha. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, nikitazamana na mvuvi mmoja tuliyekuwa tukizungumza habari za bei ya vibua. Kamera ilikuwa kiunoni, umbali umepangwa mita 1.5. Kidole kikabonyeza.

Sikumsalimu jioni ile. Najua ni kwa nini sikumsalimu.

Nyumbani nilipoitazama nilinyamaza kwa muda. Miaka 34 nimefundisha taswira kwa kuandika ubaoni kuwa taswira ni picha inayojengwa akilini kwa maneno, na hapa ilikuwa picha inayodai maneno. Lenzi pana ilikuwa imeingiza kila kitu: karai, moto, mkono wenye kijiko cha matundu, mashua mbili nyuma zimelala ubavu, mtoto anayekimbia na ndoo, na katikati yake uso ule uliosahau kuwa una watazamaji. Lenzi ya kuvuta ingeukata uso peke yake. Hii ilimweka mama yule katika dunia yake yote. Kamera hii inaweza kurusha picha hadi kwenye simu bila waya. Nikairusha, nikaipeleka katika kundi la WhatsApp la chama. Kabla ya isha walikuwa wameisifu kumi kati ya 14. Mwenyekiti akaandika: “Hili ndilo jalada la diwani yetu.” Wawili walianza kuitungia beti.

Siku kumi baadaye niliisafisha kwa mpigapicha wa mjini, ukubwa wa karatasi ya daftari, nikaitia ndani ya bahasha, nikaenda kumpelekea zawadi. Nilikuwa na furaha ya mtoto. Aliniona kwa mbali akanyanyuka.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba mama. Hujambo? Nimekuletea kitu chako.”

Alifuta mikono kwa kipande cha kanga, akaipokea bahasha, akaichungulia bila kuitoa picha yote. Kisha akairudisha ndani polepole.

“Nimeshaiona, mwalimu. Mwanangu aliletewa na rafiki yake kwenye simu. Wakawa wananionyesha.”

Sikuwa na la kusema. Akaendelea kwa sauti ile ile, wala haikupanda:

“Sikukuona siku hiyo. Nimejiuliza sana, nilikuwa nimegeukia wapi? Ungepiga hodi tu, mwalimu, ningejitanda.”

Hakunitukana, hakuniambia nifute, hakuniuliza mume wake alisemaje, wala mimi sikuuliza. Alinipa samaki wawili nikaondoka nao, kwa sababu kukataa kungekuwa kosa la pili.

Njiani nilikuwa nikilirudia neno lile. Tumezoea kusema kupiga picha bila kusikia tunachosema. Mwingereza picha huitwaa. Sisi huipiga, kama tunavyopiga pasi, tunavyopiga mluzi, tunavyopiga magoti, tunavyopiga ramli. Kitenzi hiki kimevaa kanzu za kila aina hata hatukitambui mwili wake. Na miongoni mwa vyote vinavyopigwa kimo kimoja ambacho hupigwa kwa ajili ya kumpa mwenzako nafasi: hodi. Sisi watu wa pwani tunafunzwa tungali wadogo kwamba hodi hupigwa mara tatu, na usipoitikiwa unarudi ulikotoka bila kinyongo. Kati ya hodi na jibu lake pana kimya kifupi, na katika kimya hicho mwenye nyumba hufunga kanga, huondoa ndoo njiani, humwambia mtoto akae vizuri. Kimya hicho ni haki yake. Kisha yeye ndiye anayesema karibu.

Na neno karibu, ambalo nimelifundisha kwa wageni na wenyeji, lina maana mbili zilizokaa nyumba moja: ukaribisho, na umbali mfupi. Lenzi ya milimita 28 inataka ukaribu. Nilijipa mwenyewe karibu ya pili bila kungoja ya kwanza.

Nikawakumbuka wapigapicha wa studio wa ujana wangu. Tuliwacheka baadaye kwa mapazia yao yaliyochorwa ndege na maporomoko ya maji, na kwa maua yao ya plastiki. Lakini kila studio niliyowahi kuingia ilikuwa na kioo ukutani, na chini ya kioo kitana kilichofungwa kwa uzi kisiibwe. Mtu alipewa muda wa kitana. Mpigapicha alikuwa na mkanda wa picha 36, hakuwa na haraka ya kuzipoteza. Alikuweka, akakuinua kidevu, akarudi nyuma, akakuambia utulie. Picha zilitoka ngumu kama mbao, watu wote wamekaza macho. Tulisema si za kweli. Sasa sina hakika tena kuhusu hilo. Mtu aliyejitanda akakaza macho alikuwa anasema jinsi anavyotaka kuonekana na wajukuu asiowajua, na huo nao ni ukweli, wa aina ambayo kiuno changu pale dikoni hakikuuliza.

Yale ya kurekebisha yalikuwa ya aibu na ya kuchosha. Niliifuta kwenye kadi na kwenye simu. Niliwapigia wenzangu mmoja mmoja, simu 13, nikiwaomba waifute na waniambie kama wamempelekea mtu. Kumi walisema wamefuta. Wawili walisema watafuta. Mmoja alisema alimpelekea shemeji yake tu, na sikuuliza shemeji alimpelekea nani. Kuna ubishi pia nilikutana nao, na si wa watu wabaya. Mwenyekiti, ambaye ni mshairi mwenye jicho kuliko mimi, aliniambia kwamba sanaa zote zimejengwa juu ya watu wasioombwa ruhusa. Kwamba mimi mwenyewe nimewahi kumtungia shairi jirani aliyemwacha mkewe. Kwamba tukingoja kila mtu ajitande tutabaki na makumbusho ya picha za pasipoti. “Na uso wenyewe umefunikwa na moshi, nani atamjua?” Nikamjibu: diko zima. Juu ya lile shairi la jirani sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Naona tu kwamba katika shairi nilimvisha jina lingine na mji mwingine, na lenzi haijui kufanya hivyo.

Kwa wiki tatu zilizobaki niliijaribu kamera kwa namna nyingine. Nilizima ile hila ya umbali wa kupangwa. Nilipokwenda kwa malenga wazee nilikuwa naiweka juu ya meza tangu mwanzo, nimeiwasha, shingo ya kobe imetoka, waione na waishike wakitaka. Bibi mmoja aliipindua pindua akaniuliza mkanda unaingilia wapi. Hapo ndipo niligundua lenzi pana inafaa nini hasa. Wazee wetu wanaishi katika vyumba vidogo, na picha ya malenga bila chumba chake ni nusu ya malenga. Mgongo wako ukigusa ukuta, lenzi nyingine yoyote ingekupa kichwa na mabega. Hii inakupa mzee, kitanda cha besera, msahafu juu ya rafu, redio iliyofungwa kwa mpira, madaftari ndani ya sanduku la bati, na dirisha analochungulia akitunga. Ila usimweke mtu pembeni mwa picha. Pembe za lenzi hii humvuta, kichwa kikawa kama boga. Mweke katikati, au karibu na katikati, na umwambie kwa nini unamsogeza. Nilipiga wazee tisa. Mmoja alikataa, nikanywa chai nikaondoka. Wengine wote walisema wangoje kwanza wabadilishe kitu: kofia, shuka la kitanda, mahali pa kukaa. Mmoja alitaka madaftari yatolewe sandukuni yapangwe mbele yake kwa mwaka, la kwanza la 1961. Nisingelijua kamwe lile la 1961 kama ningempiga kwanza.

Dikoni nilirudi siku ya 36. Nilisimama mbali kidogo nikasema hodi, neno la kuchekesha mahali pasipo mlango, na wakaangaji wote wakacheka, naye akacheka. Nikamwambia nimekuja kuomba, na akikataa nitanunua samaki niende zangu. Alinitazama kwa kitambo. Akasema si leo, nije kesho kutwa, saa kumi. Nilipokuja alikuwa amevaa doti ya Idi, mtandio umefungwa kwa pini, na binti yake, yule mwanafunzi wangu ambaye sasa ni mama wa watoto wawili, alikuwa amekuja makusudi kumweka sawa. Moto ulikuwa umezimwa. Karai lilikuwa limesuguliwa likawa jeupe. Alikaa wima, mikono juu ya magoti, akaikazia macho lenzi kutoka hatua moja na nusu, akasema, “Haya, sasa piga.”

Kwa jicho la sanaa ni picha ya kawaida. Jua la saa kumi bado lilikuwa kali, kivuli kigumu chini ya pua, karai kwa kuwa lilikuwa pembeni limevutika kama ngalawa. Ameiagiza nakala tatu, moja ya kumpelekea dada yake Pemba.

Kikaoni nilipendekeza tuinunue kwa ajili ya nyuso na vyumba, na madaftari tuyatafutie skana. Wamekubali, tunangoja fedha itimie. Habari ya jalada imeahirishwa. Kamera ya mpwa wangu niliipeleka kituo cha mabasi kwa mkono wangu alipopita kwenda Lushoto. Jioni alinipigia simu. Alikuwa amejaribu kumpiga picha mtu shambani bila kumshtua, na kamera ikalia kama kifaranga, watu wote wakageuka.

“Mjomba, nani ameiwasha hii sauti mpaka mwisho?”